Jinsi ya Kuwafanya Wanafunzi Waseme Wanachofikiri Kuhusu Kitabu Walichosoma: Mwongozo Kamili

Walimu wenzangu wa hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Igombe, wamekuwa wakiniletea kesi ileile. Kitabu kimesomwa, wanafunzi wameketi, mwalimu anauliza, "Haya, mmekionaje?" Kimya. Mmoja wa mbele anainuka: "Kitabu ni kizuri, kinaelimisha jamii." Anakaa. Wa pili anarudia hayohayo. Kufikia wa tano mwalimu amekata tamaa, anageukia ubao na kuanza kuwaandikia dhamira.

Si kwamba hawana maoni. Simama nje ya uwanja wa CCM Kirumba baada ya mechi ya Pamba Jiji, uwasikilize vijana haohao. "Beki wa kulia ametuuza." "Ametuuzaje?" "Dakika ya sabini alipanda, akaacha mwanya, bao likapita palepale." Hayo ni maoni kamili. Kuna hukumu, kuna sababu, kuna dakika. Anayelaumu bila kutaja dakika anazomewa.

Darasani tunawaomba maoni bila kuwadai dakika. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi moja tu: kumzoesha mwanafunzi kutaja ukurasa kama anavyotaja dakika. Kikao chenyewe kinatosha vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80.

## Vifaa

- Nakala za kitabu au hadithi, moja kwa wanafunzi wasiozidi wanne.
- Penseli, pamoja na vipande vyembamba vya karatasi vya kuchomeka kwenye kurasa.
- Vizibo vya soda, vitatu kwa kila mwanafunzi. Waombe wenye vibanda wakuwekee, uvioshe.
- Kopo tupu la kukusanyia vizibo.
- Karatasi moja ya manila na maka peni.
- Simu, kwa ajili ya kuhesabu dakika tu.

Nilianza na gololi badala ya vizibo. Usijaribu. Zinabingirika chini ya madawati, na nusu ya darasa inakwenda kuzitafuta.

## Hatua ya 1: Chagua andiko linalogawa watu

Usianze na kitabu unachokipenda wewe. Anza na andiko ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulisoma wakatofautiana. Kama kila mtu atakubali kwamba mlevi amekosea, kikao kimekwisha kabla hakijaanza.

Mara ya kwanza chukua kitu kifupi, kurasa nne hadi kumi. Mimi hutumia hadithi ya kurasa nne niliyoiandika mwenyewe kwa kazi hii. Kijana wa kidato cha pili, kando ya ziwa, anagundua kwamba baba yake anavua usiku kwa kokoro, yaani wavu wa kukokota. Kokoro limepigwa marufuku kwa sababu linakokota mpaka samaki wachanga na kuvuruga mazalia. Ukurasa wa 2, fedha ya kokoro inanunua sare ya shule. Ukurasa wa 3, kijana anakwenda kumwambia mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni. Ukurasa wa 4, nyavu zinachomwa moto, mama akitazama. Nitaitumia hadithi hii kama mfano hadi mwisho.

Unaweza kuandika ya kwako. Haidai ufundi mkubwa, inadai uamuzi mmoja mgumu ambao mhusika hawezi kuukwepa.

Wakishazoea, ingieni kwenye vitabu virefu, na sisi wa huku hatuna haja ya kwenda mbali. Ukerewe peke yake imetupa waandishi Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Riwaya ya Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1980. Mwanzoni tu kuna ndoa isiyo na mtoto, na wazazi wa mke wanamchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume. Walifanya sawa? Uliza swali hilo mbele ya watoto waliolelewa na bibi zao, kisha ukae pembeni. Kitabu ni kinene, kwa hiyo toa sura za mwanzo pekee.

Tahadhari. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa jinsi inavyozungumzia mapenzi. Naiona nzuri sana kwa kidato cha tano na sita. Lakini zungumza na mkuu wa shule kabla, usije ukajieleza baada ya mzazi kupiga simu.

## Hatua ya 2: Wasome wakiweka alama tatu

Mwanafunzi akija mikono mitupu, kikao kinageuka mtihani wa kumbukumbu. Akija na kurasa zenye alama, ana pa kushika.

Wafundishe alama tatu tu. Alama ya mshangao maana yake "hapa nimeshtuka". Alama ya kuuliza maana yake "hapa sikubali, au sielewi". Duara dogo maana yake "hili nalijua, limewahi kutokea kwetu". Duara ndilo wanalolidharau mwanzoni, na ndilo linaloleta mazungumzo mazito kuliko yote.

Kitabu kikiwa cha maktaba, hakuna kuandika ndani. Alama inawekwa kwenye kipande cha karatasi, kipande kinachomekwa kwenye ukurasa.

Wapi wasomee? Shule ya bweni haina shida. Ya kutwa inahitaji huruma kidogo. Binti anayeshuka daladala Kisesa saa kumi na mbili, akachota maji, akapika, akaogesha wadogo zake, hatasoma sura tatu usiku huo, na si uvivu. Mtafutie nusu saa hapohapo shuleni, hata kama ni muda wa usafi unaouiba. (Nimeuiba mara nyingi, na mazingira hayajaharibika.)

Dakika tano kabla ya kikao, pita ukikagua. Kila mmoja awe na alama zisizopungua tatu, na zisiwe zote kwenye ukurasa wa kwanza. Zikiwa zote huko, amesomea hapo akaishia hapo. Usimwaibishe. Mkalishe na aliyesoma, asimuliwe.

## Hatua ya 3: Sentensi ya kuingilia

Wengi huiruka hatua hii, na wakiiruka ndipo kikao kinapokufa.

Kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kila mwanafunzi aandike sentensi moja, peke yake, kimya, kwa dakika tano. Umbo lake ni hili:

*Mimi naona ______, kwa sababu ukurasa wa ______ ______.*

Tundika manila ukutani, uandike maneno yaliyofungiwa kwa siku hiyo: *kizuri, kibaya, kinaelimisha jamii, mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa.* Hili la mwisho kwenye mtihani lina mahali pake, sina ugomvi nalo. Kwenye kikao ni pazia. Mwanafunzi anajificha nyuma yake, humwoni.

Sasa tazama sentensi inavyokua. Jaribio la kwanza mara nyingi huwa hivi:

"Hadithi inatufundisha tusivue kwa kokoro."

Huo ni ujumbe. Hakuna wa kuupinga, kwa hiyo hakuna mazungumzo. Unamrudishia: "Sawa, hayo ni ya hadithi. Wewe unasemaje juu ya kijana?"

"Kijana alikosea."

Sasa tuna hukumu, lakini haina dakika. Unauliza swali ambalo utaliuliza mpaka usingizini: "Ukurasa wa ngapi?"

"Mimi naona kijana alikosea, kwa sababu ukurasa wa 2 aliivaa ile sare bila kuuliza fedha imetoka wapi, sheria akaja kuikumbuka ukurasa wa 3."

Sentensi hiyo iliandikwa na binti ambaye nilishaambiwa "yule haongei". Darasa zima liliguna. Nusu walikubaliana naye, nusu walisema mtoto hawezi kuulizia fedha ya baba yake, tukawa tumepata kikao.

Kipimo cha haraka: muulize mwandishi wa sentensi, "Kuna mwenzako humu anayeweza kusema kinyume chake na bado tukamwelewa?" Kama yupo, hayo ni maoni. Kama hayupo, ni muhtasari au ni ujumbe. Aandike tena.

Usimpe mwanafunzi maoni yako ayaweke kwenye umbo hilo. Kishawishi ni kikubwa, hasa dakika zikiwa zinakwisha. Ukimpa, wengine kumi watakuiga wewe, maana wanajua alama za mwisho wa muhula zinatoka wapi.

## Hatua ya 4: Mahali

Kaeni duara, kila mtu aone uso wa mwenzake. Mtu hawezi kubishana na kisogo.

Darasa la watu sitini halitoshi duara moja. Tengeneza mawili: watu kumi na wawili hadi kumi na watano ndani, waliobaki nje. Wa ndani wanazungumza, wa nje wanasikiliza, kila mmoja akiwa na mtu wake wa ndani anayemfuatilia na kuandika alichosema. Baada ya dakika kumi na mbili wa ndani wanatoka, wengine wanaingia. Kwa kikao kimoja utapata zamu tatu. Wasiofikiwa leo ndio wanaoanza juma lijalo, na waandike majina yao hapohapo ili usisahau.

Chini ya mti panafaa, ila fanya asubuhi. Upepo wa ziwa ukishaamka mchana, karatasi zenu zitaishia kwa jirani. Msimu wa mvua bakini ndani mkijua kwamba ikipiga juu ya bati hakuna atakayesikika. Siku hiyo geuza kikao kiwe cha kuandikiana: sentensi inapitishwa kulia, anayeipokea anajibu chini yake.

## Hatua ya 5: Wasimame kwanza, waseme baadaye

Soma swali moja la ndiyo au hapana. Kwetu ni: "Kijana alifanya sawa kwenda BMU?" Wanaosema ndiyo waende upande wa madirisha, wanaosema hapana upande wa ukuta. Hakuna kusimama katikati.

Sababu ni rahisi. Mtoto mwenye aibu hana ujasiri wa kusema, lakini miguu yake inao. Akishasimama mahali, tayari ametoa maoni, kilichobaki ni kuyaeleza. Na akiona amesimama na wenzake tisa, woga unapungua.

Mwangalie kiongozi wa darasa. Akienda madirishani, kundi litamfuata kama kondoo. Dawa yake ni kila mtu aandike N au H kwenye kiganja kabla ya kusogea, kisha afuate kiganja chake. Yote haya yasizidi dakika tano.

## Hatua ya 6: Vizibo

Warudi kwenye duara. Kila mmoja ana vizibo vitatu, na kopo liko katikati. Kila ukizungumza unatumbukiza kimoja. Vikiisha, umekwisha kusema, unasikiliza. Na zamu haifungwi mpaka kila mtu awe ametumia angalau kimoja.

Kizibo kinatibu magonjwa mawili kwa mpigo. Msemaji wa darasa, yule anayejibu kila swali, anajifunza kuchagua la kusema, kwa sababu vitatu vinaisha upesi. Aliye kimya anaona vizibo vyake bado vimejaa mkononi, na wenzake wanaviona pia. Husikii mwalimu akisema "wewe hujachangia". Kizibo kimeshasema.

Kanuni tatu zinatosha, ziandike kwenye manila:

Kwanza, kila hoja ina ukurasa. Asiyeutaja, yeyote katika duara anaruhusiwa kuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Siku chache tu watakuwa wanaliuliza kwa pamoja kama kiitikio cha ngoma.

Pili, kabla ya kupinga, taja ulichosikia. "Mwenzangu amesema kijana ni msaliti. Mimi naona ukurasa wa 4 mama hakumlaumu, kwa hiyo…" Watoto wetu wamelelewa kwamba kumpinga mtu mbele za watu ni kumvunjia heshima, na malezi hayo si mabaya. Maneno "mwenzangu amesema" yanawapa njia ya kupinga hoja huku mwenye hoja akibaki na heshima yake.

Tatu, hakuna kucheka matamshi. Hapa nisizunguke. Wengi wetu huku tumekuja na Kisukuma, Kikerewe au Kijita mdomoni, na *r* na *l* zikabadilishana viti. Mtoto akichekwa kwa "lafiki" leo, kizibo chake cha pili hutakiona. Anayecheka anatoa kizibo kimoja bila kusema neno. Itekeleze mara ya kwanza kabisa, bila kumwangalia ni mtoto wa nani.

Utajua mambo yanakwenda pale watakapoanza kufunua kurasa wakati mwenzao anazungumza. Wanatafuta pa kumkamata. Hata kelele zikizidi kidogo wakati huo, ziache.

## Hatua ya 7: Mwalimu, nyamaza

Ukishauliza swali, hesabu hadi kumi moyoni. Kimya cha sekunde nne kinamtesa mwalimu kuliko mwanafunzi, kwa hiyo tunakijaza, na tukikijaza wanajifunza kwamba wakisubiri kidogo tutasema wenyewe.

Usiseme "vizuri sana" baada ya kila hoja. Ukimsifu wa kwanza na kumnyamazia wa pili, umeshatoa jibu sahihi, na duara zima litahamia huko. Sema "tumekusikia" kwa wote, kwa sauti ileile.

Usisahihishe Kiswahili katikati ya hoja. Hili nimelilipia. Mwaka wangu wa kwanza wa vikao, kijana mmoja alikuwa amefika katikati ya hoja nzuri kuliko zote za siku ile nikamkatiza: si "mimi nilikuwepo nina", ni "nilikuwa na". Akasema, "Samahani, mwalimu," akakaa. Hakuinuka tena mpaka muhula unakwisha, nami hoja yake sijaijua hadi leo. Sasa nina daftari. Kosa la lugha naliandika, nalifundisha kesho yake bila kutaja jina.

Kazi zako ndani ya duara ni mbili: kuangalia saa, na kuuliza "ukurasa wa ngapi?" pale wenyewe wanaposahau.

## Hatua ya 8: Funga kwa kuandika

Dakika kumi za mwisho warudi kwenye daftari, kwenye sentensi ile ya kuingilia. Chini yake waandike mistari mitano au sita wakianza hivi: *Nilikuja nikiona… Baada ya kumsikia… sasa naona…*

Anayebaki na maoni yaleyale aeleze ni hoja gani ilimtikisa zaidi na kwa nini haikumwangusha. Usimtie wasiwasi kwamba alipaswa kubadilika.

Ukisahihisha, usitoe alama kwa upande aliochagua. Angalia ukurasa upo, na mwenzake ametajwa. Basi.

## Yanayokwama mara kwa mara

"Kitabu chetu ni cha Kiingereza, hawasemi kabisa." Si hadithi iliyowashinda, ni kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kutafuta la kusema na kutafuta maneno ya kulisemea. Tenganisha. Zamu ya duara iwe kwa Kiswahili, maandishi ya kufunga yawe kwa Kiingereza. Shule yenye kanuni ya kutozungumza Kiswahili, muone mwalimu wa taaluma kabla, umwonyeshe hayo maandishi ya mwisho. Wengi wakiyaona wanalegeza.

Wanazungumzia maisha, kitabu wamekisahau. Hii hutokea hasa kwenye alama ya duara dogo. Mtu anaanza na kokoro la ukurasa wa 1, anaishia kwa mjomba wake aliyekamatwa. Mwache amalize, kisha muulize: "Mjomba wako na huyu baba wa ukurasa wa 2, wanafanana wapi?" Asipopata pa kurudia, mwingine atampatia. Lakini mtoto akigusa jambo zito la nyumbani, kama kipigo au njaa, usilifanye mada ya duara. Sogeza kikao mbele, uonane naye baadaye pamoja na mwalimu wa malezi.

Wote wako upande mmoja. Swali lako lilikuwa jepesi. Libadilishe hapohapo. Badala ya "alifanya sawa?" uliza "nani ana lawama kubwa zaidi: baba, kijana, au anayenunua samaki wachanga pale sokoni?" Nikiuliza hivyo, watoto wa wachuuzi wa Mwaloni ndio hushika vizibo kwanza.

Nusu hawajasoma. Usihubiri. Tumia dakika ishirini za kwanza kusoma kwa sauti ukurasa mmoja tu, ulio mzito kuliko yote, na mfanye kikao cha ukurasa huo. Kwetu huwa ni wa 3.

Vizibo vinapungua. Hesabu kabla hawajatoka. Mimi hupoteza vinne au vitano kila kikao, na siku moja nilivikuta vimetobolewa, vimetiwa kwenye waya, vinapigwa kama kayamba nyuma ya jiko. Weka akiba ya ishirini.